Geko chui akishindwa kufumbua jicho

Geko chui, mjusi mdogo anayefugwa nyumbani, ana kope zinazofumba na kufumbua. Geko wengi, mjusi kafiri akiwamo, hawana. Jicho lao limefunikwa na gamba angavu lisilosogea, nao hulisafisha kwa ulimi. Kope hizo ndizo chanzo cha taabu nyingi za macho kwa geko chui: kitu kikiingia chini yake, kiwe ngozi kavu, chembe ya mchanga au usaha, hukwama humo na kuikwaruza konea, yaani tabaka angavu la mbele ya jicho, kila anapopepesa.

Ukimkuta anatembea huku kafumba jicho, weka dawa kando kwanza, umtazame. Jicho moja lililofumba ghafla kwa kawaida lina jeraha, mchanga au kipande cha ngozi. Yakiwa yote mawili, na hali imekuja taratibu, shuku lishe, unyevu au taa. Angalia na vidole: vikiwa na pete za ngozi ya zamani, huenda machoni nako imebaki.

Ngozi hubaki kwa sababu hewa ni kavu mno wakati wa kujivua. Mwandalie sauna: chombo cha plastiki chenye kifuniko kilichotobolewa, taulo za karatasi zilizoloweshwa maji ya uvuguvugu ya nyuzi 28 hadi 30, na umwache humo dakika 15 hadi 20. Kisha dondoshea jichoni maji ya chumvi ya hospitali, yale safi ya asilimia 0.9, si dawa ya kusafishia lenzi. Chukua kijiti cha pamba kilicholowa, ukipitishe juu ya kope kutoka upande wa pua kwenda nje, bila kukandamiza. Isipotoka leo, rudia kesho. Kibanio kikae kabatini. Ngozi iliyogandamana na jicho ukiivuta kwa nguvu unaweza kuondoka na sehemu ya konea.

Tatizo likirudi kila anapojivua, usiendelee kusafisha tu. Makazi yawe na pango lenye unyevu upande wa joto, ndani yake karatasi iliyoloweshwa ambayo haikauki wala haioti ukungu. Mchanga na unga wa maganda ya walnati uondoe kabisa; jicho likiuma, karatasi tupu ndiyo sakafu bora.

Kinachosahaulika zaidi ni vitamini A. Ikipungua, seli laini za ndani ya kope na za mirija ya machozi hugeuka kuwa ngumu na kavu, zinabanduka na kujikusanya hadi kope zinavimba. Hapo unaweza kusafisha kila siku na jicho lisipone, kwa maana uchafu unazalishwa humo humo. Soma lebo ya unga wa vitamini unaowapaka wadudu unaomlisha: tafuta retinoli, yaani vitamini A yenyewe, usitegemee beta-karotini, ambayo mwili hulazimika kuigeuza kwanza, peke yake. Ila usikimbilie kumtonea vidonge vya mafuta vya binadamu. Vitamini hii huhifadhiwa kwenye ini, na ikizidi ngozi yake hubabuka. Kipimo cha kutibu akitoe daktari wa wanyama.

Daktari huyo huyo ndiye wa kutoa usaha. Usaha wa reptilia hautiririki. Ni mgumu kama jibini, kwa hiyo matone ya antibiotiki yanapita juu yake tu mpaka bonge litolewe. Na matone yaliyobaki ya mtu au ya paka yasiguswe, hasa yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe: konea ikiwa na kidonda, steroidi hukichimba zaidi. Daktari hutia kwanza rangi ya fluoresini, na kidonda kikiwapo hung'aa kijani chini ya mwanga wa buluu.

Geko albino wana macho yasiyostahimili mwanga. Kwao, kufumba chini ya taa kali huenda si ugonjwa. Punguza taa na ongeza maficho, kisha utazame tena jioni.

Jicho likifumba, njaa haiko mbali, maana huwinda kwa kuona mdudu akitikisika. Mshikie mdudu kwa koleo na umguse naye mdomoni taratibu. Usimwachie nyenje hai usiku. Humng'ata, na jicho bovu halina ulinzi. Mpime kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, uandike. Mkia ukianza kusinyaa, akiba yake ya mafuta inaliwa.

Usisubiri zaidi ya siku mbili za kulowesha bila nafuu. Jicho likiwa limevimba, limekuwa jeupe au linatoa damu, au uzito umepungua kwa asilimia 10, nenda siku hiyo hiyo. Msafirishe kwenye chombo chenye taulo za karatasi, pasipo maji ndani, na ubebe kopo la unga wa vitamini pamoja na vipimo vya joto na unyevu vya makazi yake. Daktari anayewajua reptilia ataviulizia.