Tezi za Ngozi Ndani ya Umio

Nilipokuwa mwanafunzi wa patholojia katika hospitali moja mjini Kisumu, kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kusoma slaidi, yaani vioo vyenye vipande vyembamba vya nyama za wagonjwa, kabla mwalimu hajafika. Saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, si ngeni magharibi mwa Kenya, na kila fomu yenye neno "umio" niliifungua nikiwa nimekwisha kuliogopa jibu lake. Fomu ya siku hiyo ilikuwa ya mama mmoja muuza mchele kutoka Ahero, aliyesumbuliwa na kiungulia kwa miezi. Daktari wa endoskopia, anayetazama ndani ya umio kwa kamera, alikuwa ameona madoa ya njano, madogo kama punje za mtama, sentimita 30 kutoka menoni, akanyofoa vinyama vitatu.

Chini ya hadubini, utando wa juu ulikuwa mzima kabisa. Lakini chini yake kulikuwa na vishada vya seli zilizojaa povu jeupe, kila moja na kiini kidogo katikati, na picha hiyo niliijua vizuri kwa sababu ndiyo ya tezi za mafuta za ngozi. Sikuamini. Siku iliyotangulia tulikuwa tumepokea ngozi ya mgonjwa mwingine, nami nikaamua kwamba vipande vimechanganyika (ni rahisi kumshuku fundi wa maabara kuliko kushuku elimu yako mwenyewe). Nililinganisha namba za vipande vya nta vinavyoshikilia vinyama, nikaomba vikatwe upya. Slaidi mpya zilionyesha yaleyale, na safari hii tezi zilionekana wazi zikiwa zimeshikamana na utando wa umio wenyewe, bila kinyweleo hata kimoja.

Mwalimu alitazama kwa muda mfupi, akaniambia, "Nenda kwenye kioo, ubinue mdomo wako wa juu." Nikaviona vidoa vya njano ambavyo watu wengi wanavyo na ambavyo havimdhuru mtu: tezi zilezile. Mdomoni ni jambo la kawaida, kwenye umio ni nadra, na ndipo penye fumbo, kwani ngozi hutokana na tabaka la nje la kiinitete ilhali utando wa umio hutokana na tabaka la ndani. Wako wanaosema tezi hizo zilipotea njia tangu tumboni mwa mama, na wako wanaosema seli za umio hubadilika ukubwani. Kwa vyovyote vile, hazihitaji kukatwa wala tiba.

Jibu hupitia kwa daktari aliyemtuma mgonjwa, lakini mama yule alikuja mwenyewe dirishani.

"Daktari, ni kile kitu?"

"Siyo, mama. Ni tezi za mafuta, kama za ngozi. Hazina madhara. Kiungulia utapewa dawa yake."

Nikamwomba pia aiache chai ipoe kidogo, kwa kuwa tangu 2016 vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vimewekwa katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Chai ya baridi ni ya wagonjwa, mwanangu, na wewe umeniambia si mgonjwa."