Kikombe cha maji mgongoni: nilivyopata tumbo imara kwa dakika 12

Aliyeniambia "kaa kwenye ubao hadi utetemeke, ukitetemeka ujue inafanya kazi" sijui nimshukuru au nimdai hela ya dawa ya kuchua. Wiki 3 nzima nilikuwa naamka, najinyanyua kwa viganja na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, nabana pumzi, nahesabu. Nikafika dakika 2 na kujiona simba. Tumbo likabaki lilelile, ila kiuno kiliuma hadi kufunga kamba za viatu ikawa shughuli.

Kilichoniumbua ni kikombe. Nilikijaza maji nusu nikamwomba mdogo wangu anitegee pale kiunoni, nimwonyeshe nilivyo imara. Sekunde ya 20 hivi kikapinduka, maji yote kwenye kaptula. Badala ya kunipa taulo, kacheka: "Kaka, umebonyea kama kitanda cha kamba!" Kumbe makalio yalikuwa yanashuka polepole, mzigo unahamia mgongoni na tumbo linastarehe. Zile dakika 2 zangu zilikuwa za kiuno.

Basi nikaanza upya, viwiko chini, sekunde 20 tu, makalio nimeyabana. Na pumzi naitoa, siibani. Ule msuli wa ndani unaozunguka kiuno kama mkanda hujikaza vizuri ukitoa pumzi hadi mwisho. Mimi nilikuwa naizuia kama mpiga mbizi.

Hapo ndipo pawa yoga iliponiingia akilini. Zamani nilidhani yoga ni kukaa na kufumba macho. Hii ilipata umaarufu Marekani miaka ya 1990, imechipuka kutoka Ashtanga, mtindo wa yoga ambao kila mwendo una pumzi yake. Ninayoipenda zaidi: mikono na miguu chini, makalio juu. Vuta pumzi, inua mguu mmoja nyuma. Toa pumzi, lete goti puani, mabega yakiwa juu ya viganja. Rudi, kisha goti kiwiko cha kulia, rudi, kiwiko cha kushoto. Mara 3 kila mguu, na utalowa jasho bila kuruka hata mara moja. Viganja vikiuma, tawanya vidole na ukandamize shina la kidole cha shahada.

Mkao wa mashua, ule wa kukalia makalio miguu ikiwa hewani, ulinidhalilisha. Nilinyoosha miguu siku ya kwanza kama kwenye picha, nikaviringika nyuma kama kobe aliyepinduliwa. Kunja magoti, shika nyuma ya mapaja, kifua juu. Kunyoosha kutakuja kwenyewe. Ule wa kushuka chini nusu kutoka kwenye ubao, viwiko vikiwa ubavuni, nilikaa mwezi mzima nikiweka magoti chini kwanza, na sioni aibu. Mabega yasishuke chini ya viwiko, utayajutia.

Dakika 12, siku 4 au 5 kwa wiki, asubuhi kabla sijala. Kahawa naisahau siku nyingine. Baada ya miezi miwili hivi kiuno kilinyamaza, na kikombe kikakaa sekunde 40 bila tone kumwagika. Nilitangaza nyumba nzima.

Mdogo wangu akasema nusu kikombe ni udanganyifu. Jana kajaza pomoni. Nimelowa tena.