Na nauli?

Wiki hii tumehama nyumba, dogo kapata chuo, mkataba wangu umeongezwa mwaka, alhamdulillah kwa yote, ila kichwani nina maneno mawili tu ya mama.

Jumapili kapiga video toka Tanga, shikamoo marahaba zikaisha, akaniuliza kwa mara ya mia huko Copenhagen mnapika nini hasa kwenye hiyo maabara. Safari hii nikajikaza. Nikamwambia mama, ukila, utumbo unatoa homoni inaitwa GLP-1, inaiamsha kongosho itoe insulini, inaiambia na ubongo basi tumeshiba, tatizo haikai, dakika mbili hivi kimeng'enya cha DPP-4 kishaikata. Sasa kwenye semaglutidi, ndo hiyo dawa ya kisukari Ozempic wanayoisema kila mahali, wakabadilisha asidi amino ya 8, yaani punje ya nane kwenye mnyororo wake, ili kimeng'enya kikose pa kung'ata, halafu kwenye ya 26 wakaning'iniza mkia wa mafuta unaong'ang'ania albumini, protini ya kwenye damu, ndo maana sindano moja inatosha wiki nzima.

Akafikiri kidogo. "Yaani inadandia kama wale wa mlangoni kwenye daladala?"

Nikacheka mpaka machozi, miaka sita na hizi peptidi, minyororo mifupi ya asidi amino kama hiyo homoni, sijasikia mtu kaeleza vizuri hivyo. Ndiyo mama, hivyohivyo.

"Haya. Na nauli?"

Nikasema mtandao unakata.

Haukuwa unakata. Mama anachoma insulini asubuhi na jioni, umeme ukienda chupa anazitumbukiza kwenye mtungi, na mimi namdanganya mtandao. Ningeweza kumwambia WHO waliiweka semaglutidi kwenye orodha ya dawa muhimu Septemba 2025, lakini namjua, angesikiliza mpaka mwisho halafu angeuliza tena nauli, yaani bei yake.

Jumanne sasa! Ile peptidi yangu ya tangu Ramadhani, iliyokuwa inatoka na takataka kila nikiisafisha, imetoka safi, kilele kimoja tu kwenye skrini, kimesimama kama mnazi. Unga mweupe chini ya kichupa, mwepesi hata kupumua karibu naogopa, miligramu 12. Nimetembea na furaha yangu koridoni kama bwana harusi. Nikashika simu nimpigie mama nikakuta voice note yake: "Mtandao umetengemaa?"

Bado sijajibu.

Halafu jirani wa chini kabandika kikaratasi mlangoni kwetu, Kideni changu kimeambulia neno maji tu, na mashine ya kufulia tumeifunga wenyewe.