Lebo inayovumilia jasho la chupa

Upishi wangu wa kwanza wa bia haukuwa na lebo, wala wa pili, kwa sababu niliamini kwamba anayepika nyumbani kwa ajili ya jamaa na marafiki anaijua kazi yake na hahitaji kuiandika. Imani hiyo ilikoma siku nilipohifadhi katika kreti moja chupa za bia chungu yenye hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, pamoja na chupa za bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa. Zote zilikuwa za kioo cha kahawia, ambacho huikinga bia na mwanga, kwa kuwa mwanga huharibu ladha ya hopsi na kuipa bia harufu mbaya, na kioo hicho hicho huficha rangi ya kilichomo ndani. Mdogo wangu wa kike alichukua chupa mbili, akaziinua mbele ya taa, akaniuliza, "Kaka, ipi kati ya hizi ni ile chungu?" Sikuweza kumjibu. Tulifungua moja, nayo ikawa ya upishi wa pili, uliokuwa na siku nne tu tangu kutiwa chupani, kwa hiyo haikuwa na gesi wala povu. Chupa ile ilipotea bure.

Tangu siku hiyo ninaitazama lebo kwanza kama taarifa, kisha kama pambo. Watawa wa Westvleteren nchini Ubelgiji waliuza bia yao kwa miongo mingi katika chupa zisizo na lebo ya karatasi, huku maelezo yote yakichapwa juu ya kizibo, na bia hiyo ikapata sifa duniani kote. Kizibo chao kilitosha kwa sababu kilimwambia mnywaji alichopaswa kukijua. Nami kabla ya kuchora chochote huandika kwenye karatasi maneno ambayo hayawezi kukosekana: jina la bia, aina yake, namba ya upishi, tarehe ya kutiwa chupani, kiwango cha kilevi, na nafaka zilizotumika, kwa kuwa shayiri na ngano zina gluteni na wapo watu ambao gluteni huwadhuru.

Tarehe ndiyo ninayoishikilia kuliko yote. Bia inayotengeneza gesi yake chupani, kwa sukari kidogo inayoongezwa siku ya kujaza, huhitaji takriban wiki mbili katika joto la kawaida la chumba kabla ya kuwekwa kwenye friji. Baada ya hapo, bia yenye harufu ya hopsi huanza kuipoteza harufu hiyo kadiri miezi inavyopita, ilhali bia nzito na kali huweza kuzidi kukomaa. Mtu aliyepewa chupa bila tarehe hajui kama anapaswa kuharakisha au kusubiri, na anayempa naye husahau baada ya mwezi mmoja.

Kiwango cha kilevi ninakipata kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na wa maji. Ninapima uzito wa maji ya kimea kabla hamira haijatiwa, kisha ninapima tena uchachushaji ukishakoma, nazidisha tofauti ya vipimo hivyo kwa 131.25. Kwa mfano, bia iliyoanza na 1.050 ikaishia 1.012 ina tofauti ya 0.038, ambayo hutoa karibu asilimia 5. Sukari ya siku ya kujaza huongeza kidogo juu ya hapo, kwa hiyo sioni sababu ya kuandika desimali mbili kana kwamba nina maabara. Ninachokiona cha lazima ni kwamba anayepokea bia ya asilimia 8 ajulishwe hivyo kabla hajaimimina kama anavyomimina ya asilimia 4.

Maneno yakishapatikana, ninaigeukia chupa yenyewe, na hapa ndipo nilipofanya makosa mengi zaidi. Kwa muda mrefu nilibuni lebo kwenye skrini, ambako kila kitu ni bapa, nikasahau kwamba itavikwa mwili wa mviringo. Chupa ya kawaida ya mililita 330 yenye shingo ndefu ina kipenyo cha karibu milimita 61, maana yake mzunguko wake ni kama milimita 190. Macho huona nusu ya mzunguko huo kwa wakati mmoja, lakini kingo za nusu hiyo zimepinda mno kuelekea nyuma, na sehemu inayosomeka vizuri bila kuigeuza chupa ni kama robo tu, yaani milimita 48 hivi. Lebo yangu moja ilikuwa na jina lililotandazwa kwa milimita 110. Kwenye skrini lilipendeza sana, lakini chupa ilipokaa mezani zilionekana herufi za katikati peke yake, na kila mgeni alilazimika kuizungusha ili alisome jina lote. Sasa jina huliweka ndani ya milimita 50 za katikati, hata kama ni kwa kuligawa katika mistari miwili, na pembeni huweka yale ambayo msomaji atayatafuta kwa hiari yake: nafaka, hopsi na tarehe.

Chupa hutofautiana, kwa hiyo kipimo changu kisichukuliwe kama sheria. Kata ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye chupa, uweke alama unapokutana, kisha uunyooshe juu ya rula. Pima pia urefu wa sehemu iliyonyooka, kuanzia juu kidogo ya kitako hadi pale mabega yanapoanza kupinda, na uiache milimita 5 tupu juu na chini. Lebo inayopanda begani, hata kwa milimita mbili, hujikunja makunyanzi ambayo hakuna kidole kinachoweza kuyalainisha. Shingo nayo ina taabu yake, kwa kuwa huwa nyembamba kadiri inavyopanda, na karatasi ya mstatili haiwezi kuizunguka bila ncha zake kupishana. Lebo ya shingo hukatwa kwa umbo la upinde, mfano wa kipande cha pete pana. Mimi niliiacha kabisa baada ya kukata vipande hamsini kwa mkono jioni moja. Saa zile ningeweza kuzitumia kuiboresha lebo ya mbele.

Kuhusu sura ya lebo, ninaamini katika alama moja iliyo wazi kuliko mandhari yenye mambo mengi. Pembetatu nyekundu ya bia ya Bass ilisajiliwa Uingereza tarehe 1 Januari 1876 ikiwa alama ya kwanza ya biashara katika daftari la nchi hiyo, na mwaka 1882 mchoraji Édouard Manet alipochora baa ya Folies-Bergère mjini Paris, chupa zenye pembetatu hiyo zilitambulika kati ya chupa nyingine zilizopangwa juu ya kaunta. Hapakuhitajika jina kusomeka. Alama yangu ni suke moja la shayiri lililoinama upande wa kushoto, na huwa katika nafasi ile ile kwenye kila lebo. Kinachobadilika ni rangi ya usuli, manjano iliyopauka kwa bia nyepesi, kijani kwa zenye hopsi nyingi, hudhurungi kwa nyeusi. Fonti ni mbili, moja ya jina na nyingine ya maelezo, na herufi za maelezo hazishuki chini ya pointi 7, kwa sababu chupa inaposhikwa ina unyevunyevu na mara nyingi husomwa mahali penye taa hafifu. Kabla ya kuikubali rangi yoyote huchapa nakala moja ya nyeusi na nyeupe, naibandika kwenye chupa, nasimama umbali wa mita mbili. Jina lisiposomeka hapo, rangi nazo hazitaliokoa.

Faili huitengeneza kwa nukta 300 kwa kila inchi, hivyo lebo ya upana wa milimita 90 inahitaji pikseli 1,063, na picha ndogo iliyochukuliwa mtandaoni haitoshi hata kidogo. Usuli wenye rangi huupitisha milimita 3 nje ya mstari wa kukata ili mkasi ukiyumba usiache ukingo mweupe. Lebo za milimita 90 kwa 90 huenea sita katika karatasi moja ya A4, na upishi wa lita 20, ukiondoa mashapo yanayobaki chini ya ndoo, hunipatia chupa kama 56, ambazo hutoshelezwa na karatasi kumi.

Kisha likaja suala la wino. Lebo zangu za kwanza nilizichapa kwa printa ya wino wa maji, na siku ya sherehe ya nyumbani nikazitoa chupa kwenye friji dakika chache kabla ya wageni kufika. Chupa zilianza kutoa jasho. Nilimwona mgeni mmoja akiiweka chupa chini na kukitazama kiganja chake, ambacho kilikuwa cha kijani, na mstari mwembamba wa rangi ulikuwa ukishuka kutoka kwenye suke langu la shayiri hadi kwenye kitambaa cha meza. Printa ya leza haina tatizo hilo, kwa kuwa tona yake ni unga wenye plastiki unaoyeyushwa na joto na kushikamana na karatasi, na maji hayauondoi. Tangu hapo huchapa kwa leza tu, na nisipoifikia hupeleka faili kwa mchapishaji.

Gundi ninayoipenda ni maziwa. Kwa asiyewahi kuyatumia huonekana kama mzaha, lakini protini ya maziwa iitwayo kaseini ndiyo ambayo viwanda vya bia vimeitumia kwa miaka mingi kubandikia lebo za chupa zinazorudishwa, kwani hushika kwenye ubaridi na huachia chupa inapooshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali. Nyumbani humimina maziwa yaliyoondolewa mafuta katika kisahani, nayapaka nyuma ya lebo kwa brashi laini hadi karatasi ilegee kidogo, naikwangua kwenye ukingo wa kisahani ili matone ya ziada yabaki, kisha naigusisha katikati ya chupa na kuilaza kuelekea pembeni kwa kitambaa kikavu. Yanayochuruzika huyafuta kwa kitambaa chenye maji, maana yakiachwa yatanuka. Baada ya saa chache lebo huwa imekauka na kukaza kama ngozi ya ngoma. Huvumilia jasho la chupa vizuri, ingawa ikizamishwa kwa muda mrefu kwenye ndoo ya barafu iliyoyeyuka huachia. Kwa shughuli za namna hiyo hutumia stika za plastiki zisizopenya maji, huku nikijua kwamba kuzitoa baadaye kutanidai usiku mzima wa kuloweka na mafuta ya kupikia ya kusugulia gundi inayobaki.

Wakati wa kubandika nao una uzito wake. Hungoja wiki mbili za gesi zipite, kwa sababu chupa yenye kizibo kilicholegea huvuja na kuichafua lebo, na hubandika kabla chupa hazijaingia kwenye friji, kwa kuwa kioo baridi huanza kulowa mara kikitolewa na karatasi haishiki. Katika kipindi hicho cha kungoja, namba ya upishi huwa imeandikwa juu ya kizibo kwa kalamu ya wino usiofutika.

Upishi ulioko kabatini sasa ni wa 14. Mstari wa mwisho wa lebo yake unasema: "Mimina polepole, uache mashapo chupani." Niliuongeza baada ya kuona watu wakiitikisa bia hadi hamira yote ya chini ikapanda kwenye glasi. Juma lililopita mdogo wangu aliichukua chupa, akausoma mstari huo kwa sauti bila kuizungusha chupa, akainamisha glasi, akamimina hadi ukabaki ukanda mwembamba wa maji mazito chini, kisha akaisimamisha chupa mezani lebo ikiwa imenielekea.