Mkataba Nilioukataa Mwaka 2006

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mwaka 2006 nilikuwa nyumbani Tanga, nimefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Hisabati, na sina hata senti ya kulipia chuo. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na iliyokuwa bado ngeni mtaani kwetu, kiasi kwamba wengi walituambia tusiitegemee. Ya pili ilikuwa barua ya kampuni moja ya madini ya Kanda ya Ziwa, ambayo ilikuwa tayari kunilipia ada, malazi, chakula, vitabu na nauli kwa miaka yote minne ya uhandisi wa madini katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sharti kwamba nikihitimu niitumikie kwa miaka sita.

Mkataba tuliusoma usiku barazani kwa taa ya chemli, kwa kuwa ule ulikuwa mwaka wa ukame na mgawo mkali wa umeme, maji ya bwawa la umeme la Mtera yakiwa yamepungua mno. Baba, mwalimu mstaafu, aliusoma kwa sauti kifungu baada ya kifungu, kidole kikifuata mstari kana kwamba anasahihisha insha. Mfadhiliwa atafanya kazi katika kituo chochote atakachopangiwa. Hatajiunga na masomo mengine wala kuajiriwa kwingine bila idhini ya maandishi. Akivunja mkataba atarejesha gharama zote mara mbili, na akishindwa, deni litawaangukia wadhamini wawili, ambao mmoja wao lazima awe na nyumba yenye hati. Baba mdogo, ambaye alikuwa na nyumba Ngamiani, alikuwa amekwisha kuileta hati yake ndani ya bahasha ya kaki, akaiweka juu ya mkeka karibu na magoti yangu.

"Mwanangu, wewe tia saini tu," alisema. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa wakili."

Sikuuona mkataba ule kuwa mbaya, na hata leo siuoni hivyo, maana anayetoa fedha zake ana haki ya kutaka kitu. Wala sikuwa na ndoto nyingine niliyoogopa kuipoteza. Uhandisi niliupenda, na migodini ningekwenda hata kwa hiari yangu. Kilichonikwama ni hesabu. Minne na sita ni kumi, nami nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa naombwa nimkabidhi mtu mwingine miaka ambayo sikujua bado ina nini ndani yake. Nilijaribu kulieleza hilo, na nakiri kwamba kwa sauti lilisikika kama deko la mtoto aliyeshiba.

Baba hakukasirika. Alinijibu kwa maisha yake. "Mimi Serikali ilinipangia Kasulu mwaka 1976, na hakuna aliyeniuliza kama napataka. Nikapanda treni mpaka Kigoma, nikamalizia kwa lori. Huko ndiko nilikomkuta mama yako. Ningekuwa na huo uhuru unaoutaka wewe, wewe ungetoka wapi?"

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuwa na jibu, na kusema kweli silijui jibu lake mpaka leo. Mama, aliyekuwa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo, ndiye aliyesema bila kuinua macho, "Basi mwambie na habari za bibi yake."

Habari zenyewe nilizijua nusunusu. Bibi mzaa baba alikuwa akiumwa Muheza, na baba aliandika barua za kuomba uhamisho mwaka hadi mwaka, akijibiwa kila mara kwamba hakuna mwalimu wa kushika nafasi yake. Simu ya upepo ya msiba ilimfikia baba wakati bibi amekwisha kuzikwa, naye akafika Muheza siku chache tu kabla ya arobaini. Baba hakuisimulia. Alivua miwani, akaukunja mkataba palepale ulipokuwa na alama za mkunjo, akasema, "Kalale. Asubuhi utaniambia."

Asubuhi nilimwambia hapana. Yeye aliitikia kwa kichwa tu. Aliyeumia ni baba mdogo, ambaye alidhani simwamini, akaichukua bahasha yake na kuondoka chai ikiwa haijafika nusu kikombe. Kumrudisha kulichukua muda mrefu, na ni mama aliyekwenda kumwomba radhi kwa niaba yangu. Barua ya kukataa niliipeleka mwenyewe Dar es Salaam, ambako ofisa aliyeipokea aliniuliza tu, "Binti, unajua wangapi wanaitaka nafasi hii?"

Nilisoma uhandisi uleule kwa mkopo, nikakaa hosteli ya Mabibo, na bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, lilipokwisha mwezi ukiwa bado, nilikula nilichokaribishwa. Sijifanyi kwamba mkopo ulikuwa uhuru mtupu. Makato yalianza kwa asilimia 8 ya mshahara, sheria ikabadilishwa mwaka 2016 yakawa asilimia 15, na nafuu ilikuja mwaka 2021 ilipoondolewa ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo. Lakini deni hilo lilishika mshahara wangu, halikunishika mimi. Kazi yangu ya kwanza, ambayo niliipata baada ya kuzunguka na bahasha kwa miezi mingi, niliiacha kwa barua ya nusu ukurasa, nikaenda Geita kufanya kazi na wachimbaji wadogo kwa malipo ya chini zaidi, na hakuna nyumba ya mtu Ngamiani iliyotikisika.

Nafasi niliyoiacha ilichukuliwa na kijana tuliyekuja kusoma naye darasa moja. Yeye alianza kazi mara tu alipohitimu, mimi nikiwa bado nazunguka na bahasha. Miaka yake sita ilikwisha zamani. Bado yuko mgodini palepale, kwa hiari yake, na tukikutana hunitania kwamba mkataba ule ulikuwa wangu.