Mwacheni Farasi Ajipake Tope

Mvua za masika zinapoanza kunyesha hapa Njoro, udongo wetu wa majivu ya volkano, ambao mwezi wa Februari huwa vumbi jepesi la kupeperuka, hugeuka kuwa tope zito la kung'ang'ania viatu, na farasi wangu mweupe hugeuka nao akawa wa rangi ya udongo kuanzia masikioni hadi mkiani. Majirani wanaopita kando ya ua hunipa pole. Wageni huniuliza kwa nini simfungii bandani mpaka mvua ipite. Niliamua zamani kwamba hatafungiwa kwa sababu hiyo, na ninaandika kueleza kwa nini, maana nimeona farasi katika maeneo haya ya Nakuru wakinyimwa jambo ambalo miili yao inalihitaji kwa kuwa wamiliki wao wanapenda kuwaona wakimeremeta.

Anayetaka kuelewa na amtazame farasi tangu mwanzo. Kwanza huinamisha kichwa na kunusa ardhi, huzunguka mahali pale, huiparapara kwa kwato la mbele, kisha hukunja magoti na kujilaza kwa ubavu. Husugua shavu, shingo na bega, halafu hujitupa chali huku miguu yote ikiwa hewani. Wengine hupinduka hadi upande wa pili, na wengine huinuka wakalala upya ili ubavu uliobaki nao upate haki yake. Akisimama hutanguliza miguu ya mbele, tofauti na ng'ombe anayeinua kwanza sehemu ya nyuma, kisha hujikung'uta mwili mzima. Mnyama huyu kwa asili huwindwa, na akiwa chali hawezi kukimbia, kwa hiyo hufanya hivyo pale tu anapojiona salama. Mimi nikimwona farasi mgeni akigaagaa kwa mara ya kwanza katika shamba langu, hufurahi kuliko ninapomwona akimaliza chakula chake.

Wengi hudhani kwamba anatafuta ubaridi, kama nguruwe. Katika Mbuga ya Ziwa Nakuru utawaona nyati, vifaru na ngiri wakijilaza matopeni wakati wa joto, na ni kweli kwamba jamii ya nguruwe hawana njia ya maana ya kujipoza kwa jasho. Farasi, kinyume chake, hutoka jasho jingi mwili mzima, na jasho hilo ndilo linalompoza. Anachotafuta hasa ni nafuu ya mwasho na wadudu. Chumvi ya jasho lililokauka chini ya tandiko humwasha mahali asipoweza kufika kwa meno wala kwato, na tope likishakauka juu ya manyoya huwa ganda ambalo nzi hupata shida kulipenya. Tena farasi wa zizi moja hupenda kugaagaa mahali pamoja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akinusa alipolala mwenzake na kuacha harufu yake mwenyewe. Pundamilia nao hufanya vivyo hivyo katika vumbi.

Punda wa mikokoteni yetu ni jambo jingine kidogo. Manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya farasi, kwa hiyo hupendelea vumbi kavu, na anahitaji paa mvua inaponyesha.

Kuna kugaagaa kusikokuwa kwa raha, na hapa ninaomba kila mwenye farasi asome kwa makini. Farasi hawezi kutapika, na sehemu kubwa ya utumbo wake mpana haijashikizwa imara tumboni, hivyo gesi au chakula kilichokwama kinaweza kumletea msokoto wa tumbo wa kumuua. Farasi mwenye maumivu hayo hulala na kuinuka mara kwa mara, hugeuza shingo kuutazama ubavu wake, hujipiga tumboni kwa mguu wa nyuma, hutoka jasho bila kazi yoyote na hukataa chakula. Mara nyingi akiinuka hajikung'uti. Ukiziona dalili hizo, ondoa chakula mbele yake na umpigie simu daktari wa mifugo papo hapo, usingoje kukuche.

Tope lenyewe lina madhara yake, lakini hayo yana dawa. Miguu inayokaa majimaji siku nyingi hupasuka ngozi juu ya kwato, bakteria wakaingia, na magaga yakatokea. Kuosha kila jioni kwa mpira wa maji huzidisha tatizo, kwa sababu ngozi haipati nafasi ya kukauka. Saisi mmoja, mtunza farasi mzee aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akiniambia, "Mama, liache likauke, halafu upige burashi," na mpaka leo sijaona njia bora zaidi. Mahali pa tandiko na mkanda wa tumboni pasafishwe kabisa kabla ya kumpanda, maana chembe moja ya mchanga inatosha kumtia kidonda. Kwato nazo zikaguliwe kila siku, kwa kuwa tope zito huweza kung'oa kiatu cha chuma.

Wala mtu asifikiri kwamba ganda la tope linatosha kumkinga dhidi ya usubi. Wadudu hao wadogo hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua sehemu kubwa ya farasi wasio na kinga, na pundamilia huweza kuwa na virusi hivyo bila kuonyesha dalili. Sisi tunaoishi karibu na mbuga tunapaswa kuwachanja farasi kila mwaka na kuwaingiza bandani kabla ya jua kuzama, kwa sababu usubi huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri.

Mchana ni wao. Katika malisho nimetenga mahali palipo laini, mbali na seng'enge na mawe, na kila ninaposhuka kutoka safarini humvua farasi tandiko na hatamu, nikampeleka pale kabla ya kumpa chakula.