Bibi, mpira wa kulishia na kelele za grupu

Bibi yetu huku Wete hawezi kula vizuri tena, kila akinywa chai anapaliwa mpaka macho yanamtoka machozi, basi wajukuu walioko Muscat na Dubai washakata shauri kwenye grupu la familia kua atiwe mpira wa kulishia, na anaebisha anaambiwa ati anataka kumuua bibi kwa njaa. Mimi nabisha, na mimi ndo nnaemlisha.

Sio kama mpira mbaya. Mzee wa nyumba ya pili alipata kiharusi hawezi kumeza hata mate, wakamtia wa puani, wakampiga eksirei kwanza wajue umefika tumboni haukuingia mapafuni, akawa analishwa kitako, baadae koo likarudi ukatolewa. Sawa kabisa. Huo wa puani ni wa wiki 4 mpaka 6 hivi, ukizidi hapo ndo wanazungumzia wa tumboni, unaopitishwa kwenye kitundu kidogo cha tumbo kwa kamera bila operesheni kubwa, Wamarekani waliuanza 1979, tena kwa kitoto kichanga.

Lakini bibi hana kiharusi jamani! Bibi ana maradhi ya kusahau, miaka sasa, na yashafika mbali. Kwa mgonjwa wa hivo madaktari wa wazee wa huko huko Marekani washasema tangu 2014 mpira hawaupendekezi, haumuongezei umri wala haumkingi na nimonia, mana mate yake mwenyewe yanaingia mapafuni na chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni. Halafu atauchomoa, kanula ya dripu tu hakuiacha, mwisho wamfunge mikono. Hilo silitaki wallahi.

Sie tunamlisha kwa mkono. Anakaa wima, kijiko kidogo, ameze kwanza ndo umpe chengine, akisinzia unaacha. Vya majimaji ndo vinampalia, uji mzito na bokoboko laini inapita. Na mdomo asafishwe asubuhi na jioni, watu wanalidharau hili na uchafu wa mdomo ndo unaoshuka kifuani. Kula kwake kunachukua saa nzima, saa nyengine anakataa basi nampangusa tu nakaa nae.

Nimewaandikia wa nje, hizo pesa za mpira tumlipe mtu anipokee jioni, au mje kwa zamu. Tiki zote za buluu. Mjomba wa Dubai katuma emoji ya dua.